Katlesi za Samaki za Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimefika. Mvua ya upande, upepo wa magharibi, na baba mkwe mlangoni akinitazama kana kwamba nimekuja kusoma mita ya maji.

"Umekuja na sanduku," akasema.

"Nimekuja kukaa, baba. Vibeke alikupigia simu."

"Alisema unakuja. Hakusema unakaa."

Naandika haya kwenye kitanda alichokulia mke wangu, Vibeke. Ni kifupi, miguu yangu inatokeza mwishoni. Shauri hili lilikatwa bila mimi: nimestaafu ualimu kiangazi hiki, kwa hiyo eti sina kazi, na Vibeke bado anafanya kazi mjini Aarhus na anapata nafasi mwisho wa wiki tu. Mama mkwe, Ragnhild, alifariki mwezi wa Mei, na tangu hapo Mzee Thorkild anazidi kukonda. Alikuwa bonge la mtu, ndiye aliyeendesha kiwanda cha barafu pale bandarini. Sasa suruali yake inashikiliwa na mikanda ya begani na ubishi.

Sidsel, muuguzi wa manispaa, huja kumpima uzito kila baada ya wiki mbili. Amesema wazi: mzee akiendelea kupungua mpaka mwanzoni mwa Novemba, hawezi kuachwa aishi mwenyewe, atahamishiwa nyumba ya kulelea wazee. Mzee naye amesema wazi: huko hakwendi mtu.

Nimemuuliza angependa kula nini. Akafikiri kidogo.

"Katlesi za samaki."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nalala na furaha. Kazi yenyewe rahisi.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimenunua katlesi zilizo tayari kwa muuza samaki wa bandarini. Nikazipasha moto, nikaweka viazi, nikaweka na remulade, ile sosi ya njano ambayo bila hiyo samaki hajatimia mezani. Mzee akageuza moja kwa uma. Akaigeuza tena.

"Si zile."

"Hujaonja, baba."

"Zina umbo moja zote, kama askari gwarideni. Za kununua hizi."

Alikula kiazi kimoja. Zilizobaki nimezimaliza mimi, kwa sababu nililelewa kutotupa chakula.

Alhamisi, 5 Oktoba

Leo nimepika mwenyewe. Nimesaga chewa, nikatia yai, unga, maziwa, kitunguu na pilipili manga, na mwisho kabisa chumvi. Nilipoziweka kwenye kikaango zikatawanyika kila moja na njia yake. Sikuwa na katlesi, nilikuwa na uji wa samaki uliokaangwa. Nikampigia Vibeke.

"Chumvi uliitia lini?"

"Mwisho, kama watu wote."

"Watu gani hao? Chumvi inatangulia, Preben! Samaki na chumvi peke yao, unakoroga kwa nguvu mpaka inanata, mpaka mkono unalalamika. Ndipo yai, ndipo hayo mengine. Halafu unaipumzisha kwenye friji."

"Mbona hukuniambia?"

"Miaka yote hii tumeoana, nilidhani huwa unanitazama nikipika."

Mzee alikula kijiko kimoja, akasema uji si mbaya, ila si zile.

Jumamosi, 7 Oktoba

Vibeke ana mafua, hakuja. Nimetumia siku kusoma kijitabu cha lishe kilichokuwa kwenye droo ya jikoni, na sasa nimeelewa tulipokosea. Tumekuwa tukimpikia mgonjwa vyakula vya mafuta! Leo hakuna kikaango. Nimeoka katlesi kwenye oveni, maziwa yasiyo na mafuta, karoti ya kukwaruza, pumba za ngano kwa ajili ya tumbo, na chumvi ya kubahatisha tu. Nimejivuna, sitaficha.

Mzee aliinusa.

"Hii ni ya kula au ya kuogea?"

Jumatatu, 9 Oktoba

Sidsel amekuja. Ni mwanamke wa viatu vizito na kicheko kinachofika mpaka kwa majirani. Akampandisha mzee kwenye mizani, na kicheko kikakatika. Amepungua tena. Akaandika kwenye simu yake, kisha akafungua friji bila kuomba ruhusa, akachukua katlesi yangu moja na kutafuna. Alitafuna muda mrefu.

"Mwalimu, hizi umempikia nani?"

"Mzee. Za afya kabisa. Hazina mafuta hata tone."

"Afya ya nani? Ushauri wa kukwepa mafuta ni wa watu kama..." Macho yake yakashuka mpaka kwenye kifungo cha shati langu kinachohangaika. "Ni wa watu wengine. Huyu hapa amebaki mifupa. Anakula kidogo mno, kwa hiyo kila tonge lazima libebe mzigo. Chewa ana protini nyingi, sawa, lakini ni samaki mkavu, hana mafuta. Mafuta yatoke kwako wewe mpishi. Tia krimu badala ya maziwa. Ongeza yai. Kaanga kwa siagi, na viazi uvimwagie siagi. Na remulade usimpimie kama dawa."

"Na pumba?" nikauliza.

"Pumba ale mwalimu," mzee akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Yeye ndiye anayezihitaji."

Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka tangu nifike. Ningefurahi zaidi kama kingechekwa kitu kingine.

Jumatano, 11 Oktoba

Krimu. Siagi. Mayai mawili. Katlesi zimesimama, zimekuwa za kahawia pembeni, laini ndani. Nimezipenda mno.

"Si zile."

Alhamisi, 12 Oktoba

Upepo. "Si zile."

Ijumaa, 13 Oktoba

Suruali yangu ya kijivu imekataa kufunga. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja anayenenepa, na si yule anayepimwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Siku mbaya. Niandike yote.

Vibeke alikuja jana, na leo asubuhi akavaa aproni ya mama yake. Alifanya kila kitu kama mama alivyofanya. Alikoroga samaki na chumvi mpaka mwiko ukawa unasimama wenyewe. Alikwaruza kitunguu, akakwaruza na ganda la limau. Alichovya kijiko kwenye siagi ya moto ili kisishike, akafinyanga kila katlesi kwenye kiganja. Mimi nilimenya viazi na kunyamaza. Mlango wa jikoni tuliufunga kama kawaida, harufu isije ikaingia kwenye makoti ya ukumbini. Vibeke alionja ya kwanza, akaongeza chumvi kidogo, akakaanga zote.

Mzee alikula moja nzima. Akaanza ya pili. Kisha akaweka uma chini.

"Nzuri," akasema.

"Ni zile, baba?"

Akatazama dirishani. "Umepika vizuri, binti yangu. Si zile."

Vibeke aliondoka mezani taratibu, akatoka uani kwenye mvua bila koti. Nilimwona kupitia kioo, amesimama karibu na kamba ya nguo, mabega yanatikisika. Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo mbele ya mkwe.

"Baba, huna haya? Mtoto amesafiri kote huko, amesimama jikoni tangu asubuhi!"

"Ameniuliza. Nimdanganye?"

"Ndiyo! Mdanganye! Watu wote wanadanganya mezani, vinginevyo hakuna familia ingefika Krismasi!"

"Mimi na Ragnhild hatukudanganyana."

"Basi sema kinachokosekana! Limau? Bizari? Sema tu, nitakwenda hata Norwe nikakitafute!"

"Ningekijua ningesema."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayepapasa mifuko yake akitafuta miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Nilikwenda kumpelekea Vibeke koti lake, na nilipogeuka nikamwona mzee amesimama dirishani naye, anamtazama binti yake, mkono juu ya kioo. Mpaka leo nilidhani anatufanyia makusudi. Sidhani tena.

Jumatano, 18 Oktoba

Oda, mjane wa nyumba ya pili, ameleta katlesi zake zenye bizari ya manjano. Aliingia bila kubisha hodi, kama desturi yake, akaweka sahani mbele ya mzee.

"Kula, jirani yangu. Marehemu Ragnhild, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini nikwambie ukweli. Siku moja nilimkuta anakoroga, nikachovya kidole nikaonja. Hata chumvi haina!"

Nilishika ukingo wa meza nikisubiri amfukuze.

"Kweli," mzee akasema. "Chumvi ilikuwa pungufu."

"Kila mara?" nikauliza.

"Kila mara."

Oda aliondoka ameshinda. Mimi nimebaki na fununu, ya kwanza tangu nifike.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimepika na chumvi nusu. Nikamwekea mzee mezani. Akatia mdomoni.

"Hazina chumvi," akasema, akasukuma sahani.

"Baba! Jana umesema zake hazikuwa na chumvi!"

"Jana nilisema zake. Hizi zako."

Nimetoka nikatembea ufukweni kwenye upepo, nikiongea peke yangu. Nimekutana na mtu na mbwa wake. Mbwa alinihurumia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Sidsel alikuja mapema. Mzee alikuwa amekwisha jiandaa, kavaa koti lake zito la kiwandani, kifua mbele. Nilimwona akitembea kuelekea mizani kwa uzito fulani, kama mtu anayevuka mto, na nikasikia kitu kikigongana. Nikaelewa. Nikatazama dari.

"Hongera, mzee wangu!" Sidsel akasema. "Kilo tano ndani ya wiki mbili! Mwalimu, hii krimu unaipata wapi?"

"Dukani," nikasema.

"Haya, sasa vua koti."

"Nasikia baridi."

"Vua, mzee."

Akalivua. Mfuko wa kushoto ukapasuka, na chubwi za risasi, zile za kuzamishia nyavu, zikamwagika sakafuni zikaviringika mpaka chini ya sofa. Moja ilisimama kwenye kiatu cha Sidsel. Kisha Sidsel akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mzee amesimama hapo na mikanda yake ya begani, mwembamba kama ufagio, amenyoosha kidevu.

Lakini mizani haikucheka. Bila koti, amepungua tena. Sidsel alifuta macho na kukaa karibu naye.

"Mzee wangu, nakupenda wewe. Lakini tarehe sita narudi, na nitakachokikuta ndicho nitakachokiandika. Nikikuta hivi, hapa hutabaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na wewe mwalimu, ulijua?"

"Nilisikia kengele," nikasema.

Alipoondoka tulipiga magoti wote wawili tukaokota risasi. Mzee hakunitazama, ila alisema, "Hukunisema." Nikamwambia mkoba wa kiunoni ungefaa zaidi kuliko mfuko. Akaguna. Nadhani ilikuwa shukrani.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua. "Si zile."

Jumamosi, 28 Oktoba

Vibeke amekuja, wameongea na baba yake juu ya nyumba ya wazee. Chumba kina dirisha, amesema. Mzee akauliza linatazama nini. Maegesho ya magari. Hatukupika katlesi, tulikula mkate mweusi na jibini.

Jumanne, 31 Oktoba

Dhoruba. Tangu asubuhi nyumba inatetemeka na bahari inasikika mpaka chooni. Kabla ya saa sita umeme ukakatika, na jiko letu ni la umeme. Samaki wa kusaga alikuwa kwenye friji, tayari amekorogwa. Nilitaka kumtupa, kisha nikakumbuka jiko dogo la gesi la kambini lililoko chumba cha zana. Jikoni kulikuwa na giza na baridi, kwa hiyo nililiwasha sebuleni, juu ya trei, kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha mzee, dirisha limeachwa wazi kidogo. Ragnhild angenifukuza nyumbani.

Siagi ikaanza kutoa povu. Mzee alikuwa ameshika redio ya betri akisikiliza habari za upepo. Nikachota kijiko kidogo, nikakaanga katlesi moja ndogo ya kuonjea, kama ninavyofanya siku zote, kama anavyofanya kila mtu, maana samaki mbichi si wa kuonja. Nikaipuliza, nikaitia mdomoni.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa ananitazama kana kwamba nimemwibia pochi. Redio alikuwa ameizima.

"Hiyo," akasema. "Hiyo umekula."

"Ya kuonja, baba."

"Siku zote unakula wewe?"

"Ndiyo. Nani mwingine?"

Nje kitu kilianguka, pipa la taka la Oda nadhani. Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Ile ndogo ilikuwa yangu. Tangu tulipooana. Popote nilipokuwa, uani, bafuni, aliniita. Thorkild, njoo uonje. Nikaja, akanipulizia, akanipa kwa uma. Yeye hakuonja hata siku moja."

"Nawe ulisema nini?"

"Chumvi."

"Kila siku?"

"Ilikuwa inahitaji chumvi! Alikuwa anaacha makusudi, yule mwanamke, najua. Nilijua na yeye alijua kwamba najua." Akapapasa mkono wa kiti. "Niliposema chumvi, akaongeza. Ndipo tukala."

Wiki nne nimekuwa nikitafuta kitu cha kutia ndani ya samaki. Kumbe kilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na kila siku nimekuwa nikikila mwenyewe nimesimama.

Nikachota kijiko kingine. Nikakaanga pande zote mbili. Nikapuliza, nikampa kwa uma.

"Baba, njoo uonje," nikasema, ingawa alikuwa amekaa mbele yangu.

Akatafuna polepole, macho yamefumbwa. Chozi lilimshuka, akalifuta kwa kofia bila kujificha. Mimi pia nililia kidogo, na siwezi kusingizia moshi, haukuwepo.

"Chumvi," akasema.

Ilikuwa imekolea kabisa. Nikatia chumvi.

Alikula nne. Na remulade, na mkate mweusi, na kipande cha siagi ambacho alikata mwenyewe, kinene kama kidole.

Jumatano, 1 Novemba

Umeme umerudi. Nimempigia Vibeke. Nikamsimulia yote.

"Baba alikuwa anaingia jikoni kabla ya chakula," akasema. "Kila siku. Sisi watoto tulidhani anakwenda kunawa mikono."

Mlango wa jikoni sasa uko wazi. Makoti yananuka samaki. Acha yanuke.

"Chumvi." Amekula tano.

Ijumaa, 3 Novemba

"Chumvi." Jana nilitii, na tulikunywa maji mpaka kulala. Leo nimeelewa siri ya Ragnhild: unaanza na chumvi kidogo, ile tu ya kumfanya samaki anate, kisha unamwachia mzee iliyobaki. Yule mama alikuwa na akili kuliko sisi sote, na hakuwahi kutamba.

Mzee ameanza kukaa jikoni tangu ninapomenya kitunguu. Ananikosoa tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiko nakishika kama jembe, moto mkubwa, moto mdogo, katlesi zangu zina tumbo kama mimi. Sijapata kutukanwa kwa raha hivi.

Jumatatu, 6 Novemba

Sidsel alikagua mifuko kwanza. Akakagua soksi. Akamwambia avue hata kofia. Mzee akapanda mizani, na mimi nilikuwa nimekamata kitasa cha mlango bila kujua.

Sidsel aliinama kusoma. Akainuka, akainama tena.

"Umeongezeka, mzee wangu. Si sana, lakini umeongezeka."

"Inatosha?" nikauliza.

"Inatosha. Anabaki. Nitakuja kumwangalia, lakini anabaki hapa hapa kwake."

Mzee akashuka akavaa kofia yake kama mtu aliyemaliza shughuli ndogo ya benki. Kisha akasema, "Mpime na mwalimu."

Nimepimwa. Nimeongezeka kumshinda. Nambari yenyewe siiandiki hapa.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo ni mkesha wa Mtakatifu Martini, na nchi nzima inakula bata. Sisi tulikula katlesi. Vibeke alikuja kunichukua, kesho asubuhi tunarudi Aarhus. Sanduku langu liko mlangoni, na limefunga kwa shida kwa sababu mzee amenitilia aproni ya Ragnhild ndani bila kuniuliza.

Alasiri alinikataza nisishike mwiko. "Umekwisha pika ya kutosha," akasema, "leo toka." Alikoroga mwenyewe, na kupumzika, na kukoroga. Vibeke alitaka kumsaidia nikamshika mkono. Tukakaa ukumbini kwenye makoti yanayonuka samaki, tukisikiliza siagi. Nilikuwa nawaza kesho, na keshokutwa, na mzee peke yake mbele ya kikaango hicho.

"Preben!"

Hajawahi kuniita kwa jina. Nimekuwa mwalimu, nimekuwa wewe, nimekuwa huyo.

"Preben, njoo uonje!"

Alikuwa amesimama na uma, juu yake katlesi moja ndogo ya kahawia, anaipuliza. Akanipa mdomoni. Nikatafuna. Ilikuwa imekolea barabara, nyororo, limau linasikika kwa mbali, bora kuliko yoyote niliyopika vuli hii. Alikuwa anasubiri, kidevu juu. Vibeke alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa mkono.

"Chumvi," nikasema.

"Chumvi!" akafoka. "Una ulimi au una kipande cha gome? Mtu mzima hajui hata..." Akageuka akatupa mgongo, akachukua kopo, akatia punje chache sana, akakoroga. Akaendelea kukoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jumapili ijayo mje mapema," akasema, bado ametupa mgongo. "Nitapika tena. Mtu hawezi kujua peke yake kama imekolea."